Rumonge: Mwenye madeni amwone wakili kabla ya kutia saini

Mfanyabiashara wa mawese au wa ndagala mjini Rumonge anapolemewa na madeni, wakili huwa mtu wa mwisho kutafutwa. Kwanza huendewa ndugu, kisha rafiki, kisha yule anayekopesha kwa siri. Siku anapokumbukwa wakili, mara nyingi hati ya nyumba imekwisha kutoka mkononi.

Madeni ya pwani hii yana sababu zake. Mwenye mitumbwi hukopa ili anunue nyavu, taa na mafuta; mbalamwezi ikiwaka au ziwa likichafuka, mavuno hupungua, lakini riba haipumziki. Miaka ya karibuni uhaba wa petroli na kupanda kwa maji ya Tanganyika, yaliyofunika nyumba nyingi za kando, umewazidishia wengi mzigo.

Hapo ndipo huingia kile ambacho Warundi hukiita Banki Lambert. Jina ni la benki, mwenyewe ni mkopeshaji wa binafsi asiye na kibali. Riba yake ni nzito, ila karatasi zake ni nzito zaidi: badala ya mkataba wa mkopo, mdaiwa hutakiwa kutia saini hati ya mauzo ya nyumba au kiwanja chake, ama hundi isiyo na tarehe. Mbele ya hakimu, mkopo huo huonekana kama nyumba iliyouzwa kwa hiari. Riba ya kupindukia ni kosa la jinai nchini Burundi, lakini asiye na ushahidi wa mkopo hana pa kuanzia.

Wakili anayeonwa mapema huanza na swali ambalo wengi hawalitarajii: je, wewe ni mfanyabiashara machoni pa sheria? Misingi ya kufilisika iliwekwa na sheria mbili za Machi 2006, nazo ziliwahusu wafanyabiashara na kampuni. Mwalimu aliyekopa kwa ajili ya harusi hatangazwi kuwa amefilisika. Njia yake ni kupatana na wadai wake.

Mfanyabiashara ana njia mbili. Yapo makubaliano yanayosimamiwa na mahakama, ambapo biashara hupewa muda na wadai huletewa mpango wa malipo. Kuna pia kufilisika kwenyewe: msimamizi huteuliwa, mali huuzwa na fedha hugawanywa kwa utaratibu wa sheria. Aliyekwenda wakati duka bado linauza ana la kupendekeza. Aliyengoja hadi mlango umefungwa hana. Naye aliyebanwa akianza kumlipa shemeji kwanza, au kuandikisha mtumbwi kwa jina la mwanawe, anaweza kuona vitendo hivyo vikibatilishwa, na kuficha mali kunaweza kumtia katika jinai.

Hofu kubwa ni jela. Burundi ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1990, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kifungu cha 19 cha Katiba ya 2018 kinazifanya haki hizo kuwa sehemu ya Katiba. Hata hivyo mdai mwenye hasira hujua kuliita deni utapeli. Kutenganisha deni na jinai ni kazi ya wakili, nayo huwa nyepesi kabla mdaiwa hajaandikisha maelezo polisi.

Mawakili wengi wako Bujumbura, iliko pia Mahakama ya Biashara, mwendo wa kilomita zipatazo 75. Nauli na ada ni mzigo wa kweli kwa aliyekaukiwa. Inafaa kuuliza ada mapema na kuitaka kwa maandishi, na kubeba kila kitu kwa safari moja: daftari la mauzo, mikataba, risiti, ujumbe wa malipo ya simu, na orodha ya wadai wote, wa Banki Lambert wakiwemo. Wanawake wauza samaki wanaweza pia kukiendea Chama cha Wanawake Wanasheria wa Burundi. Na asiyekizoea Kifaransa, lugha ya hati nyingi za korti, aombe kila ukurasa aelezwe kwa Kiswahili kabla ya kushika kalamu.