Usiiuze Kompyuta kwa Kosa la Diski

Katika nyumba nyingi za siku hizi kompyuta ya mkononi imekuwa chombo cha lazima, kama ulivyokuwa ubao wa kuandikia kwa wazee wetu waliosoma chuoni. Mtoto huifanyia kazi za shule, mama huandikia hesabu za duka lake, na baba huwekea nakala ya hati ya kiwanja. Walakini kompyuta hiyo aghalabu ni ya bei nafuu, au imenunuliwa ikiwa imekwisha tumika, na baada ya miaka michache huanza kulegea. Huwashwa kabla ya chai kumiminwa, na chai hunywewa ikaisha, nayo mashine bado haijafunguka. Hapo ndipo hupitishwa shauri la haraka: "Iuzwe, tutafute nyingine."

Twataka kuonyesha leo kwamba shauri hilo, mara nyingi, ni hasara isiyo na sababu. Na kwamba ndani ya mashine hiyo huenda mna kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha.

KISA CHA BABA NA BINTI

Baba mmoja tumjuaye, mzaliwa wa Kondoa akaaye Dodoma mjini, ana binti asomaye katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kile kilichoanzishwa mwaka 2007. Siku moja binti alirudi nyumbani ana huzuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Kompyuta yangu imezeeka, baba. Nikiiwasha, robo saa hupita kabla sijaandika neno. Wenzangu wanasema haifai tena, ninunue mpya."

Baba akayafikiri magunia yake ya alizeti yaliyokuwa yakingoja bei nzuri. Fedha yake ilikuwa imekwisha pangiwa kazi: ada ya muhula, na bati za nyumba. Hata hivyo alisema, "Twende kwanza kwa fundi. Mgonjwa hazikwi kabla ya kutazamwa."

Fundi aliiwasha mashine, akaitegea sikio, akaendesha programu ya kupima afya ya diski. Kisha akasema, "Mzee wangu, mashine yenu si mbovu. Kilichochoka ni diski peke yake. Tuitoe, tutie ya kisasa, ile tuiitayo SSD. Na mkiniachia hii kongwe, nitawapunguzia gharama."

Baba alifurahi, akanyosha mkono kukubali. Binti akamzuia. "Baba, sauti ya Bibi imo humo."

Pakawa kimya. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kabla ya kufariki, binti alimrekodi akisimulia nasaba ya ukoo kwa Kirangi: nani alimzaa nani, na nani alihamia wapi wakati wa njaa. Hapakuwa na nakala nyingine, si katika simu wala kwa jamaa.

Fundi akaizima mashine mara ile. "Basi, Mzee, kazi ya kwanza si kubadili diski. Kazi ya kwanza ni kunakili."

KWA NINI DISKI HUCHELEWESHA MASHINE NZIMA

Diski ya zamani ni sahani ngumu izungukayo, na juu yake mna mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea. Asili yake ni mwaka 1956, kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa diski ya kwanza ya namna hii: sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, ndani ya sanduku kubwa kama kabati la nguo, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu. Tangu hapo sahani zimepungua na kujaa zaidi, lakini kanuni ni ile ile.

Diski nyingi za kompyuta za bei nafuu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa kila sekunde. Kila kipande kikitakiwa, mkono hauna budi kwenda mahali pake, kisha ungoje sahani ilete kipande hicho chini yake. Safari hiyo huchukua kama sehemu 15 katika elfu za sekunde moja. Mwanadamu haihisi, lakini kompyuta iwakapo husoma vipande vidogo kwa maelfu. Tukisema ni vipande 10,000 vilivyotawanyika, hizo ni sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu za kwenda na kurudi tu. Na diski iliyoanza kuharibika hurudia safari ile ile mara nyingi, ikijaribu kusoma pasiposomeka.

SSD haina sahani wala mkono. Huhifadhi habari ndani ya chipu za umeme za aina ya flashi, uvumbuzi uliotokana na kazi ya Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kinachosafiri, kipande hupatikana katika muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo sababu mashine ile ile, yenye prosesa ile ile, huonekana kana kwamba imezaliwa upya.

Wako wasemao kwamba vumbi letu la Dodoma ndilo linaloua diski. La, si hivyo. Sanduku la diski limefungwa, na tundu lake la hewa lina kichujio. Vumbi huziba feni, na joto likazidi. Lakini adui mkubwa wa diski ya kuzunguka ni mtikisiko: kompyuta iliyoachwa ikiwaka ndani ya begi, juu ya bodaboda, katika barabara yenye mashimo. SSD huustahimili mtikisiko huo vizuri zaidi.

YA KUTAZAMA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, mfunguliwe mashine mwione. Baadhi ya kompyuta za bei ya chini kabisa zina hifadhi ndogo, ya gigabaiti 32 au 64, iliyochomelewa juu ya ubao wenyewe. Hiyo haitolewi. Baadhi yake zina nafasi tupu ya kuongezea, nyingine hazina. Na asiyefungua hajui.

Pili, umbo. Yako maumbo mawili makubwa: lile la inchi 2.5, lililo kama diski ya zamani, na lile liitwalo M.2, lililo jembamba kama kipande cha rula, aghalabu upana milimita 22 na urefu milimita 80. Na hiyo M.2 nayo ina aina mbili, SATA na NVMe. Tundu la moja si lazima likubali nyingine. Nendeni dukani na namba ya mashine yenu iliyoandikwa karatasini.

Tatu, jihadharini na za kughushi. Ziko zilizoandikwa gigabaiti 2,000 nazo ndani hazifiki hata 100. Hupokea mafaili bila kunung'unika, kisha huyapoteza. Nunueni kwa mwenye kutoa risiti na dhamana, na mwijaze yote kwa majaribio kabla ya kuiamini.

Nne, memori ya kazi, yaani RAM. Mashine yenye gigabaiti 4 itapata nafuu kwa SSD, lakini ikiwezekana kufikishwa 8 nafuu huwa kamili.

Tano, mfumo endeshi. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kongwe hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kwa hizo, iko mifumo ya Linux, mathalani Ubuntu na Linux Mint, isiyolipiwa, nayo yatosha kwa masomo na barua.

KAZI YENYEWE

Mafaili yakisha kunakiliwa mahali pengine, na maneno ya siri yakiwa yameandikwa, mashine huzimwa, chaja huchomolewa, na betri hutengwa. Wakati wa kiangazi hewa yetu ni kavu, na mwili hubeba umeme wa msuguano uwezao kudhuru chipu. Basi fundi aguse chuma kwanza. Skrubu ziwekwe katika sahani kwa mpango, kwani si zote zenye urefu mmoja. Kisha zipo njia mbili: kunakili diski nzima kama ilivyo, kwa waya wa USB na programu kama Clonezilla, au kusimika mfumo upya na kurudisha mafaili peke yake. Diski ikiwa nzima, njia ya kwanza ni nyepesi. Ikiwa mgonjwa, okoeni kwanza yale msiyoweza kuyapata kwingine.

DISKI KONGWE NI AMANA

Wengi hudhani kwamba faili likifutwa limekwenda. Katika diski ya kuzunguka, kulifuta ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: sura zenyewe bado zimo, na ajuaye huzisoma. Picha za mama na dada zenu, vyeti vya hospitali, wasia wa mzee, vyote huweza kufufuliwa na mnunuzi msiyemjua. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mlango wa nyumba hulindwa kwanza na mwenye nyumba. Basi diski nzima iandikwe juu yake upya yote kwa programu ya kufutia, au itiwe katika kasha la USB iwe ghala la nakala. Iliyo mbovu ivunjwe sahani zake.

Wala asidhani mtu kwamba SSD haifi. Hufa, na mara nyingine hufa ghafula bila mlio wa kuonya. Lenye thamani likae mahali pawili, na pawili hapo pasiwe begi moja.

Tumalize kisa chetu. Rekodi za Bibi zilikuwa tatu. Fundi alikesha nazo. Mbili zilitoka salama, ya tatu diski ilikataa kuisoma. Mashine siku hizi huwaka kabla sukari haijayeyuka katika kikombe, na alizeti ilibakia ikingoja bei yake. Diski kongwe fundi hakuipata. Baba aliivunja mwenyewe uani. Jioni walikusanyika, wakasikiliza zile mbili. Palipofika mwisho wa ya pili, baba aliinama, akasema, "Hiyo ya tatu ilikuwa ya upande wa mama yake. Tungalinakili mwaka jana, tungalikuwa nayo."

Enyi vijana, sauti zilizomo katika mashine zenu, nakala yake ya pili iko wapi?