Pima Mbolea Kabla ya Kupanda

Majira ya kupanda mahindi yanapowadia hapa Iowa, kuanzia mwezi wa Aprili, baadhi ya vijana wetu hukabidhiwa trekta na mashine ya kupandia yenye masanduku ya mbolea kavu. Tajiri husema, "Ratili 150 kwa ekari," kisha huenda zake. Kijana hufungua kitabu cha mashine, huvisha mnyororo kwenye magurudumu ya meno yaliyotajwa humo, na kudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Jedwali la kitabuni ni mwanzo tu. Mbolea hutofautiana kwa uzito na ukubwa wa chembe. Iliyonyonya unyevu hugandamana na kushuka kwa shida. Tairi linaloendesha masanduku nalo, likipungukiwa upepo, huzunguka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kila mbolea mpya hupimwa upya, shambani kwenyewe wala si barabarani.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Mistari ikiachana inchi 30, yaani futi 2.5, mstari mmoja wa futi 174 ni sawa na sehemu moja ya mia ya ekari. Jaza masanduku hadi nusu, endesha kidogo mpaka mbolea itoke sawasawa, kisha funga mfuko kwenye kila mrija na uendeshe futi 174 kwa mwendo uleule wa kupandia. Pima kila mfuko peke yake, uzidishe kwa 100.

Tuseme kila mfuko una ratili 1.8. Hizo ni ratili 180 kwa ekari badala ya 150. Katika shamba la ekari 200, ratili 6,000 zitapotea bure. Gawanya 1.5 kwa 1.8, utapata tano juu ya sita. Ikiwa gurudumu linaloendesha lina meno 30, weka lenye meno 25, kisha upime tena. Mfuko mmoja tu ukiwa mwepesi kuliko wenzake, usiguse mnyororo; chunguza mrija wake, huenda umeziba.

Fosfati ikipungua, miche huweza kugeuka rangi ya zambarau. Mbolea ikizidi karibu na mbegu, chumvi yake huunguza mizizi michanga. Ndiyo maana desturi ni kuiweka inchi 2 kando ya mbegu na inchi 2 chini yake.

Wako watakaosema kwamba shamba ni la tajiri na hasara ni yake. La hasha! Nitrojeni isiyotumiwa na mahindi huoshwa na mvua hadi mito ya Raccoon na Des Moines, ambako mji wa Des Moines huchota maji ya kunywa. Wanaoyanywa ni pamoja na watoto wetu.

Basi, vijana, chukueni mizani, mifuko na daftari. Andikeni tarehe, aina ya mbolea, idadi ya meno na uzito wa kila mstari. Tajiri akiuliza, jibu mtakuwa nalo mkononi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.