Fahamu: Kofia ya chungwa na ya zambarau katika kriketi

Ni nini?
Katika IPL, ligi ya India, mpigaji anayeongoza kwa mikimbio huvaa kofia ya rangi ya chungwa. Mrushaji mwenye wiketi nyingi zaidi huvaa ya zambarau. Msimu ukiendelea, kofia huhama kichwa hadi kichwa.

Zilianza lini?
Mwaka 2008. Shaun Marsh alitwaa ya chungwa kwa mikimbio 616, Sohail Tanvir ya zambarau kwa wiketi 22. Baadaye, mwaka 2016, Virat Kohli aliipata ya chungwa kwa mikimbio 973.

Mbona zinabishaniwa?
Zinahesabu jumla tu. Mpigaji anayeanza hupata mipira mingi zaidi, na mrushaji anayebana bila kuangusha wiketi hasikiki. Wapenzi wa kriketi wa Jinja, Uganda, wenye mchezo wao katika shule za Mwiri na Jinja SSS, wana mfano wa nyumbani. Kwenye Kombe la Dunia la T20, Juni 2024 huko Guyana, mrushaji wa Uganda Frank Nsubuga, miaka 43, alirusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea: aliruhusu mikimbio 4 tu, akaangusha wiketi 2. Uganda ikashinda. Mchezaji bora wa mechi? Riazat Ali Shah, mpigaji, kwa mikimbio yake 33.