Swila akikutemea machoni

Umeenda bandani jioni kuokota mayai. Unasogeza gunia, kitu kinainuka na kutanua shingo, na kabla hujajua ni nini macho yanawaka moto. Huyo ni swila, fira anayetema sumu. Wala hakuja kwa ajili yako: kafuata panya, vyura, na hayo hayo mayai.

Matundu ya meno yake yameelekea mbele, kwa hiyo misuli ikikamua tezi, sumu inaruka hata zaidi ya mita 2. Wakati huohuo anatikisa kichwa, matone yakatawanyika usoni mwako. Shabaha kali ya nini tena? Na yale maumivu ndiyo kazi yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa protini za sumu hii husaidiana kuamsha neva za maumivu. Kutema ni kujihami tu. Mawindo yake huyauma.

Sumu ikidondokea ngozi isiyo na jeraha, osha tu. Jichoni ni habari nyingine: inaweza kuunguza konea, ile sehemu angavu ya mbele, hata ukapofuka. Usifikiche! Shikilia kope wazi, mimina maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20. Maji hakuna? Maziwa yatafaa. Mkojo na majani ya kukamua, achana navyo kabisa. Halafu nenda hospitali jicho likaguliwe, hata kama maumivu yametulia. Usishangae usipochomwa sindano ya kuzuia sumu. Hiyo ni ya aliyeumwa.