Kuwatambua Mapema Watoto Wanaotatizwa na Hesabu

Ipole, katika wilaya ya Sikonge, iko kusini ya Tabora, mahali zinapoachana njia ya Mpanda na njia ya Rungwa. Ni nchi ya asali na tumbaku, na mali hizo mbili huuzwa kwa mizani. Mtu asiyejua hesabu akifika mizanini hupokea anachopewa, wala hana njia ya kujua kama amepunjwa. Kwa hiyo twaona kwamba mtoto anayeshindwa hesabu si shauri la mwalimu peke yake, bali ni shauri la kijiji kizima.

Desturi ya wengi ni kungoja mtihani. Lakini mtihani huonyesha kwamba mtoto ameshindwa, hauonyeshi ameshindwa wapi. Mwisho hufika darasa la nne akiwa ameitwa mjinga mara nyingi, hata yeye mwenyewe husadiki. Yafaa zaidi kumchunguza katika darasa la kwanza na la pili, mtoto mmoja mmoja, kwa kumwuliza kwa mdomo.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2013 watoto wa darasa la pili katika shule nyingi za Tanzania walipimwa kwa namna hii. Ilionekana kwamba walifaulu zaidi katika kujumlisha namba ndogo kuliko katika kutaja namba iliyoachwa katika mfululizo. Maana yake, wengi walikuwa wameshika kanuni bila kufahamu namba yenyewe.

Kazi hii haihitaji vyombo vya fedha. Kokoto na ubao vyatosha. Mwalimu na amwulize mtoto: kati ya 38 na 41, ipi kubwa? Katika 14, 15 na 17, ipi imeachwa? Mama alikuwa na mayai 9, akauza 4, yamebaki mangapi? Kisha amwambie ajumlishe 8 na 5, naye atazame jinsi afanyavyo. Mtoto anayeanza tena kuhesabu tangu moja kila mara bado hajaiona 8 kuwa fungu moja. Anayeandika mia moja na tano kama 1005 ameandika alivyosikia. Hajajua nafasi za tarakimu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kumi na moja hujieleza yenyewe, lakini ishirini na thelathini, maneno yaliyotoka Kiarabu, hayaonyeshi kwamba ni makumi mawili na makumi matatu. Mwalimu afunge vijiti kumi kumi, mtoto ayaone makumi hayo kwa macho.

Kabla ya kumhukumu mtoto, yatupasa kuuliza mengine. Je, aona ubao vizuri? Asikia? Huja na njaa? Amekosa siku nyingi za masomo? Akiwa amepewa mafunzo ya ziada kwa majuma kadhaa, apimwe tena. Wengi watakuwa wamesogea mbele.

Wachache hawatasogea, ingawa wana bidii na husoma vema. Hao huenda wana tatizo liitwalo diskalkulia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao katika kufahamu namba. Wataalamu wengi hukadiria kwamba watu 3 hata 7 katika kila 100 wanalo; basi katika darasa la watoto 60 huenda wakawamo wawili hata wanne. Si uvivu, si laana, wala fimbo haiponyi. Wanahitaji kokoto, muda mrefu zaidi na hatua ndogo ndogo.

Twawasihi walimu waweke daftari la watoto hao, wakiandika kile ambacho kila mmoja hakijui, wala si cheo chake darasani. Na daftari hilo lisisomwe mbele ya wenzake. Wazee na viongozi wa vijiji nao wawahimize wazazi kumtuma mtoto dukani na kumwuliza chenji. Mtoto atakayesaidiwa leo ndiye atakayesimama mizanini kesho na kuuliza, “Kilo ngapi, na kwa bei gani?”