Kuziba Upya Kifuniko cha Valvu katika Lori la Pamba

Katika nchi ya Usukuma msimu wa kununua pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Mei, na tangu siku hiyo malori ya dizeli hayana raha. Huchukua pamba kutoka vyama vya msingi vya Shinyanga, Kahama na Geita hata viwanda vya kuchambulia. Pamba ikiisha, mengine hukodiwa kwenda machimbo ya dhahabu ya Geita, kubeba viroba vya mawe mpaka kwenye makarasha. Lori lifanyalo kazi namna hii halikosi kuvuja mafuta siku moja, na mara nyingi huvuja juu ya injini, penye kifuniko kile ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Wenye malori wengi hulidharau jambo hili: hufuta kwa kitambaa, huongeza oili, wakaenda zao.

Yafaa kwanza ujue kilichomo chini ya kifuniko hicho. Mna vikono vidogo vya chuma viendavyo juu na chini, kazi yake kufungua valvu za kuingizia hewa na za kutolea moshi. Pampu ya injini huipandisha oili mpaka huko, ikavilainisha vikono, kisha ikashuka yenyewe na kurudi chini. Kati ya kifuniko na kichwa cha injini huwekwa gasketi, ya mpira, ya koki au ya karatasi ngumu. Joto la miaka mingi huikausha gasketi hiyo hata ikawa kama ngozi iliyoachwa juani, nayo ikipasuka oili hupata njia.

Tone moja kwa kila sekunde laonekana dogo. Lakini katika mwendo wa saa 10 matone hayo hufikia lita 1 au zaidi, na dereva aliyeondoka alfajiri bila kupima oili aweza kuiua injini kabla ya jua kuchwa. Tena, mabomba ya moshi yapo karibu. Injini ya dizeli ipandapo kilima na mzigo, chuma cha kutolea moshi hupita joto la nyuzi 400, nayo oili ikidondokea hapo yaweza kuwaka. Nyuma ya dereva pana pamba. Moto ukiingia ndani ya pamba iliyoshindiliwa hufukuta humo usionekane. Huumwagia maji juu ukadhani umezimika, kumbe waendelea kula.

Basi usikimbilie spana. Kukaza bolti juu ya gasketi iliyokauka hupinda kifuniko, na kifuniko kilichopinda hakizibiki tena kwa gasketi yo yote. Osha injini, endesha kidogo, kisha tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, kwa maana oili hutelemka, na palipo na uchafu mwingi sipo panapovuja.

Halafu angalia bomba la kupumulia la injini. Moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka ndani, nao hauna budi kupata pa kutokea. Bomba hilo likizibwa na vumbi na tope la oili, moshi huisukuma oili nje kupitia gasketi, hata ikiwa mpya. Injini ikiwa inanguruma polepole, fungua kizibo cha kutilia oili. Ukiona moshi mwingi watoka kwa nguvu, safisha bomba kwanza. Na ikiwa baada ya kulisafisha moshi ni ule ule, ringi za pistoni zimelika, nayo gasketi mpya haitakusaidia. Wengi hununua gasketi tatu kwa msimu mmoja kwa kutopima jambo hili.

Siku ya kufungua, ngoja injini ipoe. Ikiwa lori lako ni la kuinua kichwa mbele, hakikisha komeo limeshika kabla ya kujiinamisha chini yake. Ondoa vumbi lote juu na kando kabla ya kulegeza bolti hata moja. Hili ni neno kubwa hasa kwa lori litokalo Geita, kwa kuwa vumbi la mawe ya dhahabu ni la kwatzi, gumu kupita madini laini ya bearingi za injini. Punje zikiingia kwenye oili husaga kama jiwe la kinu.

Kifuniko kikitoka, ziba matundu yaliyo wazi kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Usitumie pamba, ijapokuwa unayo tele: nyuzi zake huenda na oili zikaziba vijia vyembamba. Bandua gasketi ya kale kwa kipande cha mti au plastiki, si bisibisi, maana aluminiamu hukwaruzika upesi. Wala usisugue kwa msasa juu ya injini iliyo wazi. Weka kifuniko juu ya kioo bapa, kikicheza, kimepinda.

Gasketi ya mpira haitaki gundi, isipokuwa tone dogo la silikoni penye pembe au maungio, kama kitabu cha injini kielezavyo. Mafundi wa kando ya njia hupenda kupaka silikoni nyingi, mzunguko mzima. Inayobaki ndani hukatika, huanguka chini, huziba chujio la pampu, na injini hufa kwa kukosa oili ilhali oili imo. Silikoni yenyewe yataka muda wa kukauka ulioandikwa kwenye bomba lake, mara nyingi saa 24.

Rudisha bolti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu. Kipimo ni kile cha kitabu cha injini yako. Bolti ndogo za spana namba 10 kwa kawaida hazitaki zaidi ya nguvu ya kilo 5 zikining'inizwa kwenye mpini wa sentimita 20, yaani nguvu ya kiganja, si ya bega.

Washa injini, iache ipate joto, upitishe tochi pande zote, hasa upande wa nyuma usioonekana. Pima oili asubuhi ya kesho na baada ya safari ya kwanza. Vitambaa vilivyolowa oili visitupwe karibu na lambo wanywapo ng'ombe.