Bwana wa Popo

Wasikilizaji, popo hana marafiki wengi. Leo tutamtaja mtu aliyemfanyia popo urafiki kwa elimu, naye ni Bwana Merlin Tuttle wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1941.

Tangu ujana wake aliingia katika mapango ya Tennessee, akiwavika maelfu ya popo pete ndogo, ili ajue waendako majira yabadilikapo.

Mwaka 1980 daraja moja kubwa la mji wa Austin, katika Texas, lilitengenezwa upya. Chini yake zilikuwapo nyufa nyembamba, na popo wengi mno wakafanya makao humo. Watu wakaingiwa na hofu ya kichaa cha mbwa, wengine wakataka popo wote waangamizwe.

Bwana Tuttle, aliyeanzisha chama cha kuwahifadhi popo mwaka 1982, alihamia Austin mwaka 1986. Hakuja kugombana, bali kufundisha. Aliwaeleza watu kwamba popo wenye ugonjwa huo ni wachache, wala haumpati mtu asiyewagusa. Tena popo hao hula vipepeo wa usiku ambao viwavi wao huharibu mahindi na pamba.

Basi popo wakaachwa. Hata leo, katika miezi ya joto, hufika kama milioni moja na nusu, na watu hukusanyika jioni kuwatazama wakiruka kama moshi.

Nawe ukimwona popo, usimshike kwa mkono. Lakini kabla ya kumwua, uliza kwanza chakula chake ni nini.